Kidirisha cha Pembe Tatu

Likasi, tarehe 5 Agosti 1979

Yaya Berthe, dada yangu mkubwa mpenzi,

Salamu za nyumba nzima zikukute hapo Kamina, wewe na shemeji na watoto wetu, ambao sura zao nazijua kwa picha tu. Natumaini kifua cha yule mdogo kimepona, na kwamba baridi ya mwaka huu haikuwaonea kama ilivyotuonea sisi. Ukiuliza habari zetu, tuko hai, tunakula, tunakohoa kwa vumbi la Agosti, na mama angali anaanika nguo uani halafu anazikimbilia upepo ukigeuka kutoka upande wa mitambo. Baba yuko na lori lake kama kawaida. Mimi niko studio, katika chumba changu cha giza, vidole vimechakaa kwa dawa za kusafishia filamu.

Barua hii anakuletea Fatu, dada yake Lukumani mwenye lori analoliendesha baba, anayekuja huko kutafuta mafuta ya mawese. Sikutaka ipite posta, na utaelewa kwa nini. Isome ukiwa peke yako, mpaka mwisho, kabla hujamwita shemeji. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Nitakueleza polepole, kwa mpangilio ule ule nilioyaona mwenyewe, kwa sababu nikianza na mwisho utasema Philomène amelewa dawa zake.

Jambo la kwanza ni kwamba mama ameamua kumaliza kilio cha François. Misa itakuwa Jumamosi tarehe 25 mwezi huu, kisha watu watakula kwetu, kisha mama atavua nyeusi. Wewe hukuwepo kilio kilipoanza, treni zilikuwa zimesimama kwa ajili ya vita, na habari zilikufikia vipande vipande. Unajua kwamba ndugu yetu alikwenda Mutshatsha kupiga picha za ndoa, na kwamba vita vilimkuta huko. Unajua kwamba baadaye alikuja mtu na koti lake, akasema alimwona amelala kando ya barabara, uso chini. Jambo ambalo huenda hujaambiwa ni kwamba siku chache baada ya koti walikuja wanajeshi. Walipekua nyumba mpaka ndani ya sufuria. Walisema kuna watu waliomwona François akiwapiga picha waasi, wamesimama na bunduki zao, na kwamba mtu wa namna hiyo hapigi picha bila kuwa mwenzao. Walimtaka. Mama alikuwa kwenye mkeka, kati ya wanawake, sauti imekauka, nywele zimefumuka. Mkubwa wao alimtazama kitambo, akavua kofia, akawaambia wenzake waondoke. Machozi ya mama yalitusaidia kuliko karatasi yoyote ambayo tungeweza kuonyesha.

Tangu hapo ni miaka miwili ya nyeusi. Mama haendi sokoni, haendi kwenye harusi za watu, anakwenda kanisani tu na kurudi. Kwa hiyo aliposema sasa basi, tumalize, mimi nilifurahi. Baba ndiye aliyekuwa mzito. Mara alisema tungoje mvua, mara alisema tungoje wewe upate nafasi, mara alisema hakuna haraka ya kuwasahau watu. Nilimwona kama baba aliyeshindwa kumwacha mtoto wake aende. Mama alimwona kama mume mvivu wa shughuli, akamwambia hivyo mbele yangu.

Sasa niache kidogo mambo ya kilio nikueleze picha za safari za baba, maana ndizo zilizonileta hapa.

Baba alianza kupiga picha safarini mwishoni mwa mwaka ule ule wa sabini na saba. Aliniomba kamera ndogo ya zamani, ile aliyoiacha Bwana Georges, Mgiriki wetu, alipokabidhi studio na kuondoka. Nilimpa kwa moyo mweupe, nikifikiri mtu mwenye huzuni anahitaji kitu cha kushika. Lori la Lukumani linafuata samaki: Kasenga kwenye mto Luapula, Kilwa na Pweto kwenye ziwa Moero, na siku nyingine hapa karibu tu, Tshangalele. Kila aliporudi alinipa filamu nisafishe. Nilitarajia kukuta yale ambayo madereva wote hupiga, yaani lori, lori tena, na nusu ya kichwa cha tanboi, utingo wao.

Nilikuta picha nzuri, yaya. Nakuambia kama mtu wa kazi, si kama binti yake. Bwana Georges alipotufundisha, mimi na François, katika likizo zile tulizokuwa tukifagia studio, alikuwa akituambia kwamba picha ni sufuria: ikikosa mafiga matatu inamwagika. Tafuteni pembe tatu, alikuwa akisema, kichwa kimoja juu na viwili chini, au mlima nyuma na watu wawili mbele, na jicho la mtazamaji litakaa lisitangetange. Mimi nilijifunza kwa shida. François alizaliwa nayo, hata sahani mezani alikuwa akizisogeza mpaka zikae tatu tatu, na wewe ukimpiga kofi kwa kuchezea chakula.

Basi katika picha za baba pembe tatu zilikuwa kila mahali. Kasenga, baba amesimama katikati ya pua za mitumbwi miwili iliyovutwa pwani, na pua zile zinakutana nyuma ya kichwa chake. Kilwa, amekaa juu ya magunia, na wanawake wawili wenye mabeseni ya samaki wamechuchumaa chini yake, mmoja kila upande. Njia ya Pweto, lori limeharibika, kifuniko cha injini kimeinuliwa, kilima kimeinuka vile vile nyuma yake, na baba ameegemea palepale ambapo mistari hiyo miwili ingekutana. Kuna moja ameshika baiskeli ya mchuuzi, na ndani ya fremu ya baiskeli, katika ile nafasi ya pembe tatu, unaona vichanja vya kukaushia samaki na moshi unapanda. Mtu anaweza kungoja miaka kupata picha kama ile. Nilianza kuzitafuta pembe tatu kila filamu ilipokuja, kama mtu anayehesabu ndege juu ya paa, na sikuwahi kuzikosa. Nikawa najiambia kwamba uzee umemfungua baba macho.

Lakini kumbuka ni baba gani huyo ninayemsema. Huyu ndiye anayetundika kalenda ukutani ikainama, ukimwambia imeinama anasema ni ukuta. Na isitoshe, baba yumo ndani ya picha. Mtu hawezi kusimama kati ya mitumbwi na wakati huo huo kuwa nyuma ya kamera. Nilimuuliza hivyo siku moja, bila kufikiria sana, na alinijibu huku akitafuta viatu vyake kwamba ni bantu ba mu njia tu, anamwomba yeyote anayepita. Nikaona sawa. Wapita njia wa Kasenga wana macho mazuri, nikasema, tukacheka.

Kasoro ilikuwa moja. Karibu kila picha ilikuwa na kivuli cha mpigaji, kimelala chini mbele, kinamfikia baba miguuni. Hilo ni kosa la watu wasiojua: wanaambiwa waweke jua mgongoni, wanaliweka, kivuli chao kinaingia kwenye picha kabla yao. Dawa yake ni kisu. Baba mwenyewe aliniambia tangu filamu ya kwanza: «Kata ile kivuli, inaharibisha picha.» Nikawa nakata. Vipande virefu vyeusi vilianguka kwenye kapu, na jioni nilivimwaga pamoja na takataka nyingine. Picha iliyokatwa ilikwenda nyumbani, mama akaibandika ukutani. Lakini baba alitaka kila mara nimtolee na nyingine, nzima, isiyokatwa, kwa ajili ya lori. Alisema ya lori si lazima iwe nzuri. Nilidhani anaonea kisu huruma, au karatasi.

Sasa turudi kwenye kilio. Mama alitaka picha ya François ikuzwe, iwekwe mbele ya altare siku ya misa. Nilimpelekea ile ya kitambulisho, akaikataa, akasema mtoto wake hajawahi kuwa na uso wa polisi. Alitaka ile ya kioo. Utaikumbuka: François amesimama mbele ya kioo kikubwa cha studio, ameshika kamera machoni, anajipiga mwenyewe, na chini ya kamera unaona meno tu kwa kicheko. Mama alisema katika ile anaonekana hai.

Nilitafuta negatifu yake nikaiweka kwenye mashine ya kukuzia. Unajua kazi yetu, hutazami mtu, unatazama weupe na weusi. Nikaona weusi uliozidi upande wa kushoto, kama doa, na kwenye negatifu weusi ndio weupe. Nikasogea. Halikuwa doa. Ulikuwa ukuta wa nyuma ukionekana kwa kupitia nafasi iliyo kati ya shavu lake na mkono wake wa kushoto, maana kiwiko kile hakijawahi kukunjika kikalala mwilini tangu alipoanguka kutoka kwenye lori la baba kule Kamatanda, na yule mzee wa kuunga mifupa akamfunga vibaya. Sisi sote tulilala upande wake wa kulia kwa ajili ya kiwiko kile. Watu wengine wakishika kamera, viwiko huwabana mbavuni, ndivyo Bwana Georges alivyotufundisha. Cha François kilisimama nje kama bawa, na kati ya bawa na kichwa kikabaki kidirisha cha pembe tatu.

Na kidirisha kile nilikuwa nakijua. Nilikuwa nimekikata kwa kisu nisijue ni mara ngapi.

Nilizima mashine. Nilitoa negatifu zote za safari za baba, nikazipanga mbele ya taa. Kasenga, Kilwa, Pweto, Kasenga tena. Wapita njia tofauti, miji tofauti, miezi tofauti, na kivuli kimoja: mkono wa kulia umebana, wa kushoto umetoka nje, na mwanga umepita katikati ukakaa juu ya mchanga, pembe tatu. Tena upande ule ule wa kushoto kama kwenye kioo, kwa sababu kioo na kivuli hukuachia mkono wako upande wake.

Sikupiga kelele. Nilikaa kwenye ndoo. Jambo la kwanza nililofikiri halikuwa kwamba yu hai, maana hilo lilikuwa kubwa mno halikuingia. Nilifikiri kwamba François anajua. Alifundishwa na mtu yule yule aliyenifundisha mimi, na anajua kuliko mimi, kwamba kivuli cha mpigaji hakiingii kwenye picha. Hakuwahi kukosea hivyo hata siku moja. Kama kivuli kilikuwa kinaingia, basi alikuwa anakiingiza. Na alijua filamu za baba zinasafishwa na nani. Yaya, miaka miwili ndugu yangu alikuwa ananisalimu, na mimi nilikuwa namtupa kwenye kapu. Nililia, nakuambia wazi, nikiwa pale kwenye ndoo, mpaka mteja mmoja akagonga mlango akitaka picha zake za ubatizo.

Mchana ule nilikwenda kwa Lukumani. Baba alikuwa chini ya lori, miguu nje. Nikachuchumaa nikamwonyesha picha ya kioo pamoja na ile ya mitumbwi isiyokatwa. Alizitazama akiwa amelala vile vile. Halafu alitoka, akafuta mikono kidole kimoja kimoja, akaniambia tuingie ndani ya lori tukae mbele, tufunge vioo.

Alinieleza kwamba mwezi wa Novemba wa mwaka ule, sokoni Kasenga, akiwa anachagua samaki wa moshi, alisikia mtu nyuma yake akisema kwa sauti ndogo: «Papa, usigeuke mbio.» Akageuka polepole. François alikuwa amevaa kama wavuvi wa ng'ambo, amekonda, na anaongea Kibemba kama mtu wa kule. Habari yake ni hii. Waasi walimkuta Mutshatsha na kamera shingoni, wakamwambia awapige picha, naye akawapiga, maana ni nani angekataa. Walipokuwa wanarudi nyuma walimbebesha mizigo. Aliwatoroka usiku mmoja, akamwachia koti mtu aliyekuwa anatetemeka kwa homa, na mtu huyo ndiye aliyelala barabarani uso chini. Alivuka mpaka, akazunguka Zambia yote hadi Luapula. Anaishi upande ule wa mto kwa familia ya wavuvi, anakausha samaki, anawapeleka Kasenga, Kilwa na hata njia ya Pweto, anavuka na mtumbwi siku za soko kama watu wote wa pale wanavyovuka. Jina lake huku kwetu bado limeandikwa mahali. Redio ilitangaza msamaha, lakini baba anasema yeye anaamini redio inapotaja saa, si zaidi ya hapo.

Nikamuuliza kwa nini picha. Akanijibu kwamba hakuthubutu kumpiga picha François, kwa sababu picha ya uso wake ikikutwa kwenye lori ni mwisho wa wote. François akasema basi mimi nitakupiga wewe, papa. Ndivyo kila mara walivyokutana dakika chache, pwani au njiani, François akamweka baba kati ya mitumbwi, akamsogeza huku na huku mpaka mafiga yakae sawa, akapiga, akarudisha kamera, akaondoka. Baba alikuwa hajui kwamba kivuli kilikuwa salamu kwangu. Yeye alijua tu kwamba ni kitu pekee cha mwanawe anachoweza kubeba kutoka mpakani bila kuulizwa, na picha zile nzima amezichomeka zote juu ya kioo cha mbele, nyuma ya ngao ya jua. Aliishusha ngao nikaziona. Lukumani anajua tangu siku ya kwanza na hajawahi kusema neno, hata kwa baba.

Nikamuuliza lile la mwisho: mama. Hapo baba aliinamisha kichwa kwenye usukani. Alisema mama hana uwezo wa kuficha furaha. Siku atakayojua atapiga vigelegele mpaka mtaa wa tatu, ataitupa nguo nyeusi kwenye moto, na kabla ya jua kuzama yule jirani yetu wa chama tawala atakuwa mlangoni anauliza kuna harusi gani. Kilio cha mama ndicho kinachomficha François, alisema, na kikiwa cha kuigiza kitajulikana. Alisema pia kwamba kila akilala anamsikia mama akiugulia gizani, na kwamba yeye analala akijua. Nilimkasirikia, yaya, nilimkasirikia sana, halafu nikamtazama mikono nikashindwa kuendelea. Akaniapisha nisiseme.

Sikusema. Lakini sijui kuficha vitu, nimezoea kazi ya kuvitoa gizani. Siku iliyofuata mama alikuja studio mwenyewe kuchukua picha ya misa, jambo ambalo halijatokea tangu avae nyeusi. Picha ya kioo ilikuwa inakauka kwenye kamba, na kando yake, kwa uzembe wangu, ile ya Kilwa, nzima. Mama alisimama mbele ya kamba hiyo. Unajua mama hajui habari za mafiga ya Bwana Georges. Alinyoosha kidole akakiweka kwenye kidirisha cha picha ya kwanza, halafu akakisogeza akakiweka kwenye kidirisha kilicho chini mchangani. Kisha aliniambia nifunge duka nimfuate.

Nyumbani baba alikuwa anakula. Mama aliweka picha ya Kilwa kando ya sahani yake, akamuuliza aliyeipiga ni nani. Baba akasema ni mtu wa njia. Mama akasema, bila kupandisha sauti: «Huyu muntu wa mu njia iko na mukono ya mutoto yangu.» Baba aliacha kutafuna. Mama akasema: «Miaka mbili minalia, na weye unaniangaliaka tu?» Na baba, yaya, ambaye hata siku ya koti hakulia mbele yetu, alilia mezani kama mtoto, akaeleza yote, na mkono wake ukiwa bado una ugali.

Nilikuwa nimesimama mlangoni tayari kumziba mama mdomo. Hakupiga vigelegele. Alifunga dirisha la uani kwanza. Alikaa, akauliza kama François anakula, kama anapata mahali pa kusali, kama kiwiko kinamuuma wakati wa mvua. Baba akajibu. Halafu baba akasema kuna jambo jingine, kwamba katika moja ya picha za mwaka huu yule mtoto mchanga aliyempakata, ambaye alituambia ni wa muuza samaki, ni wa muuza samaki kweli, lakini ni wa François pia. Ni msichana. Wamemwita Gertrude. Mama aliposikia jina lake mwenyewe alijifunika uso na kitambaa, mabega yakatikisika, na hadi leo sijui kama alikuwa anacheka au analia, labda hata yeye hajui. Alipofunua uso aliinuka, akachukua nguo nyeusi, akaanza kuipiga pasi.

Baba alimuuliza kama anafuta kilio. Mama akamwambia hana akili. Kilio kitamalizwa tarehe ile ile, na kitakuwa kikubwa kuliko tulivyopanga. Alitueleza kwa utulivu kama anagawa kazi za jikoni. Mtu ambaye wazazi wake wamemfanyia misa ya mwisho, jirani wa chama akala nyama yake na kunywa pombe yake, hakuna atakayemtafuta tena. Jirani huyo atakaa mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mikono. Na mwanamke mwenye nyeusi hasafiri, anakaa ndani, lakini mwanamke aliyevua nyeusi anarudi kwenye maisha, anatafuta kazi ya kumchangamsha, na nani atashangaa mke wa dereva wa samaki akianza biashara ya samaki? Mwezi wa tisa atapanda lori la Lukumani mbele, kando ya baba, na kitenge cha rangi, mpaka Kasenga. Miaka miwili baba alikuwa anamlinda mama na siri ambayo mama aliichukua akaipanga kabla pasi haijapoa.

Tangu siku ile mama analia kama zamani, saa zile zile, na majirani wanakuja kumshika mkono. Tofauti naiona mimi tu, kwa kuwa nimemkatia picha ya mtoto, ndogo kama ya kitambulisho, naye ameishona ndani ya ile nguo nyeusi, upande wa moyo. Akiinama kulia mkono unakwenda pale.

Sasa, yaya, hapa ndipo unapoingia wewe. Watu wa mtaa hawajasahau kwamba hukuja kulia mwaka ule. Wakikukosa na safari hii wataanza kuuliza, na tukianza kuulizwa, ninaogopa kwa ajili ya baba barabarani na kwa ajili ya yule mwingine kwenye mtumbwi. Njoo na treni, ufike angalau Ijumaa. Mama ametuma maneno haya, nakuandikia kama alivyoyasema: «Umwambie Berthe akuye. Na akuye na machozi.» Usipoweza kuyapata, mfikirie mama miaka ile miwili, mimi hunitosha. Utaangukia mlangoni, utamwita François jina lake lote, utapigapiga ardhi. Mimi nitakuinua. Usinitazame machoni wakati huo, nakuomba, maana tutacheka.

Shemeji mwambie unakuja kumaliza kilio, basi. Mengine mtayasema mkiwa kitandani, baada ya kurudi. Mwambie Fatu asante, mpe chakula, usimuulize kitu. Barua hii ukiisha kuisoma itie kwenye makaa ya mbabula. Picha niliyoiweka ndani usiichome. Ni baba, Kasenga, kati ya mitumbwi miwili, ni kumbukumbu ya kawaida ya safari na unaweza kuiweka sebuleni mbele ya yeyote. Ila ukienda kuitafutia fremu, usimruhusu fundi akate sehemu ya chini.

Wabusu watoto, wasalimie majirani wote wanaotukumbuka. Mama na baba wanakubariki. Tunakungoja kwa kilio.

Mimi mdogo wako anayekupenda,

Philomène